Chupa ya Sukari ya Mama Rozalina

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki isiyo na sukari na saa ya ukutani. Keki niliielewa, maana nimewahubiria habari za sukari miaka yote. Saa ndiyo inayonichekesha mpaka leo: mtu akishamaliza kuwahi kazini ndipo anapopewa saa. Basi katikati ya hotuba, Agnesi, yule muuguzi mpya wa chumba cha vidonda, aliniuliza swali ambalo halikujibiwa kwa sababu soda zilikuwa zimefika. Aliuliza, "Sista, hawa wazee tuwafanyeje watunze afya zao? Tunawaeleza, wanaitikia, halafu wanarudi vilevile." Nimekaa nyumbani na saa yangu inagonga ukutani, nikaona heri nimjibu kwa kalamu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara haikuwahi kumchosha mtu mkono kwa kuihesabu.

Nilifika Kampala kwa treni nikitoka kwetu Maragoli, cheti cha uuguzi kikiwa bado kinanukia wino. Kaka yangu alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Wanajeshi walikuwa wameshika serikali, maduka mengi yalikuwa hayana kitu, na watu walikuwa wamejifunza kuzungumza huku wakitazama mlangoni. Nilipata kazi katika zahanati ndogo kwenye barabara ya kwenda Port Bell, karibu na kota za polisi. Nadhani hawakuniajiri kwa cheti changu. Nusu ya wagonjwa walikuwa mama na baba za askari, wametoka kaskazini, hawajui Kiganda, na Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya kufukuzwa nayo ofisini. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kila mtu akikivunja kwa namna yake.

Mkuu wa kliniki alikuwa Nalongo. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na yeye jina lake jingine sikulijua kwa muda mrefu, wala sikuona kama lilihitajika. Alikuwa mzaliwa wa Mengo, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni, akanitazama viatu kabla ya uso.

"Mukenya," akasema, "unajua kuchemsha mukojo?"

Nikasema najua.

"Kale, sawa. Chemsha."

Nyinyi mnatoboa kidole na mashine inawapigia namba. Sisi tulikuwa na taa ya spiriti, vichupa vyembamba vya kioo, na dawa ya rangi ya buluu. Unamimina dawa, unadondosha mkojo, unachemsha huku umegeuza uso. Ikibaki buluu, mkojo hauna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Chungwa, mgonjwa aanze kujieleza. Ikigeuka nyekundu ya tofali, Nalongo alikuwa anashika kiuno na kusema, "Bannange, huyu amejenga nyumba!" Wazee walikaa kwenye benchi wakitazama vichupa vya wenzao vikichemka, na aliyetoa buluu alipigiwa makofi. Siri za mgonjwa tulifundishwa shuleni, lakini chumba kilikuwa kimoja.

Tulipoanzisha siku maalumu ya wagonjwa wa kisukari, niliandika kibao kwa mkono wangu: SUKARI KILA ALHAMISI. Alhamisi ya kwanza tulikuta foleni imefika barabarani, watu na mikebe yao na mifuko, maana sukari ilikuwa imeadimika mjini na mtu alikuwa tayari kuifuata kokote. Nalongo alisoma kile kibao, akanisoma na mimi. Kisha akawatangazia watu, "Sukali ya kula hakuna. Lakini nyinyi mumekwisha panga laini. Wazee wabaki, tuwapime." Wengine walitukana wakaenda zao, ila wazee kadhaa walibaki, na wawili kati yao wakajenga nyumba.

Sasa nije kwenye swali la Agnesi. Ukutani tulikuwa na picha kubwa ya mguu uliooza kwa kisukari, tuliyopewa na wakubwa ili iwatishe wagonjwa. Nilikuwa naipenda sana. Nilikuwa naionyesha kwa fimbo na kumalizia kwa kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya idara yetu. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Baada ya muda waliizoea ile picha hadi mzee mmoja akawa anaisalimu akiingia. Nalongo akaibandua.

"Hapa watu iko na woga ya kutosha," akaniambia. "Woga ndiyo kitu peke yake haijaisha dukani. Wewe usiongeze. Uliza mutu anataka nini."

Nilidhani anapiga porojo mpaka nilipomwona akifanya. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kamwokya, mpiga ngoma, mwenye presha ya kutisha, aliyekuwa akitupa vidonge vyake kwenye migomba. Nalongo hakumwambia lolote kuhusu moyo wala kiharusi. Alimuuliza tu ni kitu gani kinamwudhi kuliko vyote siku hizi. Mzee akazungukazunguka, mwishowe akatoboa: kanisani kwao kuna mjane wa kwaya, na yeye kila akipanda ngazi hufika juu anahema kama mvukuto, mjane anamwonea huruma. Huruma ndiyo aliyoichukia. Tangu siku hiyo alimeza vidonge kwa imani kuliko wote, na chumvi akawaachia wengine. Mjane aliolewa na mtu mwingine, lakini presha ilikuwa imeshashuka.

Mama Rozalina hakuwa mwepesi hivyo. Alikuwa Mlugbara wa upande wa Arua, kaskazini karibu na mpaka wa Zaire, mjane, mrefu, ana rozari shingoni na mwendo wa mtu aliyezoea kubeba mzigo kichwani. Aliishi kota na mwanawe mmoja tu aliyebaki hai, Sajini Anguyo wa polisi, ambaye yeye aliingia Uislamu alipokuwa jeshini. Ijumaa mwana msikitini, Jumapili mama kanisani, na chungu kilikuwa kimoja. Mama Rozalina alikuja kwetu na kidonda chini ya mguu wa kulia, kikubwa, kinachonuka. Mkojo wake ulikuwa tofali kabla hata haujachemka vizuri. Daktari wa hospitali kubwa alikuwa amekwisha mwambia kwamba kidonda kisipoonyesha dalili ya kukauka, mguu utakatwa.

Mimi nami nikaongezea kama nilivyozoea. Nikamwambia habari za msumeno.

Akanitazama kwa upole. "Mwana yangu, hapa watu napotea muzima-muzima. Wewe nanitisha na mguu moja?"

Nikafunga kidonda na vitambaa vya shuka la zamani tulivyovichemsha, maana bandeji zilikuwa zimekwisha, nikampa vidonge na maelezo ya chakula. Akaitikia yote. Alhamisi iliyofuata, tofali. Na iliyofuata, tofali. Vidonge alikuwa anameza, nilimhesabia. Mihogo alikuwa amepunguza. Nalongo akasema, "Huyu tumufuate kwake. Mukojo hausemi uongo, ila hausemi yote."

Tukamfuata jioni moja, tukiwa na trei yetu ya vidonda. Kota zilijipanga safu mbili, baraza zikitazamana, kwa hiyo kila mtu alijua jirani amekula nini. Mama Rozalina alikuwa barazani na sufuria kubwa ya chai ya maziwa, majani na sukari vimechemshwa pamoja, kama kwao wanavyopika. Harufu yake tuliipata tukiwa mbali. Wake za askari walikuwa wamekaa mkekani wakinywa, naye akinywa nao, kikombe kikubwa cha bati, bila kujificha hata kidogo. Aliponiona akaniwekea na mimi. Chai ilikuwa tamu hadi meno yakashtuka. Nilikuwa sijaonja sukari mwezi mzima, kwa hiyo niliimaliza kwanza, hasira baadaye.

Wageni walipoondoka, na Nalongo alipokwenda kumtazama mtoto wa jirani, nilipiga magoti nisafishe kidonda na nikamsema. "Mama, unameza dawa kwa mkono huu, unakunywa sumu kwa mkono huu. Kwa nini? Unapenda sukari kuliko mguu?"

Akacheka kidogo, halafu akainama karibu na sikio langu.

"Sista, hii sukari hapana ya mudomo. Ni ya macho ya watu. Mwana yangu anapewa sukari kazini kwa sababu wakubwa wanamupenda. Siku chai yangu itakosa sukari, hawa mama watasema, Sajini ameanguka. Na hapa, mutu akisemwa ameanguka, kesho anaanguka kweli."

"Si unaweza kujipikia yako pembeni?"

"Sufuria mbili? Watauliza moja ni ya nini. Watasema sukari imebaki kidogo, ninaficha."

Nikaendelea kusafisha. Kumbe mwanamke huyu alikuwa anakunywa chai ile kama mtu anayelinda lango. Alikuwa anautoa mguu wake kikombe kwa kikombe ili mwanawe asisemwe. Nilimwonea uchungu, na nilijionea aibu kwa habari zangu za msumeno.

Njiani nilimsimulia Nalongo. Tulifika zahanati. Akaenda kabatini, akatoa chupa yetu kubwa ya kioo yenye mfuniko, tuliyowekea pamba, akaimwaga pamba kwenye sahani.

"Kama ni ya macho," akasema, "iwekwe kwenye kioo."

Ndiyo dawa bora niliyowahi kuona ikitolewa, na haimo kwenye kitabu chochote cha famasia. Kuanzia siku ile Mama Rozalina alipika chai kavu, isiyotiwa sukari. Sukari ikakaa kwenye stuli katikati ya baraza, ndani ya chupa ya kioo, jua likiipiga, ile sukari yetu ya enzi hizo ya rangi ya kahawia na punje nene. Aliyekuwa ng'ambo ya safu ya pili aliiona bila kunyoosha shingo. Mama mwenyewe alimtilia kila mgeni kwa kijiko, taratibu, kama padri anayegawa komunyo. Kikombe chake hakukitia. Walipomuuliza, alijibu kwa kujidai kwamba daktari amemkataza, ana ugonjwa wa wakubwa. Sajini akasifiwa maradufu: ana sukari nyingi hata mama yake imemkinaisha!

Rangi zikaanza kushuka. Chungwa, njano, siku moja kijani, na benchi zima likapiga makofi. Kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu pembeni, nyama nzuri ile ambayo muuguzi akiiona anataka kuimba. Alivuta na wenzake; vikongwe wawili wa kota walikuja kupimwa kwa sababu walitaka na wao ugonjwa wa wakubwa. Hata hivyo alikuwa bado anateleza. Wiki moja kijani, wiki nyingine njano, harusini alikula, msibani alikula. Ndivyo walivyo wazee, Agnesi, na ndivyo tulivyo sisi, ila sisi hatuchemshiwi mkojo mbele ya watu.

Halafu ghafla akabadilika. Sajini alikuwa amepewa likizo akaenda kwao Arua, ndivyo mama alivyotuambia. Mara mkojo ukawa buluu. Alhamisi iliyofuata, buluu. Akaniomba nimtafutie fundi wa viatu vya tairi amshonee jozi yenye ngozi laini ndani, isiyogusa kidonda. Akawa anazunguka kota asubuhi, kwanza na fimbo, baadaye fimbo ikiwa kwapani.

"Sista," akaniuliza siku moja, "hii mguu ikifunga, nawezatembea siku muzima?"

"Kwenda wapi, mama?"

"Sokoni."

Soko la Nakawa si mwendo wa siku nzima hata kwa konokono, lakini sikuuliza zaidi. Siku zile swali la ziada halikuwa adabu.

Jambo jingine lilinishangaza. Mke wa koplo mmoja alinisimamisha barabarani, mikono kiunoni. "Ni wewe ule Mukenya unanyima watu sukari?" Akaniambia kwamba kwa Mama Rozalina chupa imejaa pomoni ila haifunguliwi tena, mama anasema sista amekataza sukari nyumba nzima, wageni pia, eti hata harufu yake inarudisha kidonda. Nilimuuliza Mama Rozalina kama kweli amesema upuuzi huo. Akanishika mkono. "Nimesema. Nisamehe, nimetumia jina yako. Wewe vumilia kidogo." Nikavumilia. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mtu anayechukiwa kuliko mkusanya kodi.

Alhamisi ya mwisho alikuja mapema, amevaa gauni mbili, moja juu ya nyingine. Nilidhani ni baridi. Mkojo buluu. Nikafungua vitambaa: kidonda kimefunga, ngozi imekaza, kavu kabisa. Nalongo akaja, akabonyeza kwa kidole, akaguna kwa kuridhika. Mama Rozalina akatoa kitu alichokifunga kwenye kitenge.

"Chupa yenu," akasema. "Pamba imelala kwa sahani muda mrefu."

Akatushika mikono mmoja mmoja, akasema "Awadifo," ambayo ni asante ya kwao, kisha akatoka. Nikamwona anapita njia ya kota bila kukata kona, anashuka kwenda barabara kuu, miguu yote miwili inakanyaga sawasawa.

Siku ya pili walikuja wanaume wawili wenye miwani nyeusi. Waliuliza yule mama wa Sajini Anguyo alisema anakwenda wapi. Mmoja alikuwa amekasirika hata akasema mengi kuliko alivyokusudia: likizo ya Sajini ilikwisha zamani, hakuripoti, lakini wao walikuwa wametulia wakimsubiri, kwa sababu mama yuko, na sukari iko pale barazani, na mtu hawezi kumwacha mama yake na sukari yake asirudi. Nalongo ndiye aliyejibu, huku akiendelea kupanga vichupa.

"Mama alikuja, tulimupima, mukojo wake safi, akaenda. Sisi hatuulizi mukojo unaenda wapi." Akawanyooshea chupa mbili tupu. "Na nyinyi mupimwe? Umri wenu unafaa."

Waliondoka. Nalongo akakaa kitini, akajipepea na trei muda mrefu. Kisha tukaifungua ile chupa. Ilikuwa imejaa hadi kwenye mfuniko, kahawia, punje nene. Nalongo akalowesha kidole, akachovya, akaonja. Nikasikia meno yake yakisaga.

"Muchanga," akasema. "Muchanga ya ziwa."

Alikuwa ameuchota ufukweni Luzira, akauosha na kuuchekecha. Ndipo tulipoelewa kila kitu. Sajini alikuwa amenusa hatari akavuka kuingia Zaire, na mama yake asingeweza kumfuata na mguu ule. Kwa hiyo sukari ya kazini ilipokoma, alibaki barazani na chupa ya mchanga, chai kavu, na jina langu baya, ili wanaomsubiri mwanawe waendelee kusubiri, huku akiuharakisha mguu ufunge kabla mtu hajaomba kijiko. Daktari alimtishia kisu, mimi nikamtishia msumeno, na vyote havikumsogeza. Kilichomsogeza ni kwamba alikuwa na mahali pa kwenda.

Jibu langu kwa Agnesi ni hilo, na nimelitumia miaka yote iliyofuata, Kampala na baadaye huku kwetu. Usimwambie mzee mguu utakatwa. Analijua hilo kabla yako. Muulize mguu anautakia wapi. Wengine watasema shambani, wengine kanisani, mmoja aliniambia anautaka ampige teke mkwewe, na huyo alipona haraka sana. Akikosa jibu, kaa naye hadi lipatikane, kwa sababu bila hilo unaandika vidonge kwa ajili ya migomba.

Zikapita mvua mbili bila habari. Chupa ilibaki mezani na mchanga wake. Nalongo alikataa kurudisha pamba. Kisha Alhamisi moja akaja mchuuzi aliyekuwa akipita Arua hadi Zaire na kurudi, amechoka, amejaa vumbi. Akatoa mfukoni kichupa kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba na uzi. Alisema kwenye vizuizi vyote askari walikifungua, wakanusa, wakamrudishia mbio.

"Mama moja murefu, ana rozari," akasema. "Anasema mupime."

"Anatembea?" nikauliza.

"Ananishinda mimi. Na mutoto yake iko naye, anapasua mbao."

Sasa nyinyi vijana, mkojo uliosafiri siku nyingi juani haupimiki. Hauna maana yoyote kitaalamu, na mtu akiniletea leo nitamfukuza. Lakini Nalongo aliwasha taa ya spiriti, mimi nikamimina dawa, na benchi zima likasimama kutazama. Ulichemka, ukatoa mapovu, ukabaki buluu. Watu walipiga makofi bila kujua ni wa nani. Mimi nililia waziwazi, na Nalongo akajifanya spiriti imemwingia machoni.

Kisha akaosha kichupa, akakikausha, akamrudishia mchuuzi mkononi.

"Mwambie ni safi," akasema. "Na Alhamisi ijayo asikose."